Jiwe Lako Limewaka, Mwanaheri

Limewaka! Mwanaheri, jiwe lako limewaka, na aliyeliona wa kwanza ni shangazi yako Zaituni, akatoka ghalani mbio na kiatu kimoja mguuni. Cha pili kimebaki mlangoni mpaka leo, hajathubutu kukifuata.

Mwanangu mpendwa, sasa ndipo nikusalimu. Hujambo wewe, mumeo, na watu wote wa Pangani? Sisi hapa Bagamoyo tu wazima. Baba yako kifua kimempoa, kikohozi kimekwisha, analalamika kama kawaida yake. Mimi mama yako sina ugonjwa wowote ila hasira. Usishtuke. Ni hasira ya mtu aliyekitafuta kitu miaka, siku alipokipata akageuka kumwonyesha mwenyewe, mwenyewe hayupo. Jibu la jiwe lako ninalo mkononi, na wewe uko Pangani unawapikia watu mchuzi!

Mwandiko huu unaujua. Herufi nene, na kila mstari unapanda mlima ukielekea mwisho. Nilisoma chuoni juzuu moja tu ya Kurani nikaozwa, lakini ninalotaka kulisema hulisema, na mwandishi wa kulipwa nimemkataa. Angeniondolea hasira yangu yote, mahali pake akajaza salamu. Wala barua hii sikuitia lakiri. Nimeiacha wazi kusudi. Mjomba wako anayeileta nimemwambia aisome kila atakaposimama kunywa maji: aisome Winde, aisome Saadani, aisome hata kwa wasiouliza, mpaka afike mlangoni pako. Jina ulilopachikwa lilitembea wazi pwani nzima. Na hili litembee wazi.

Unakumbuka ua wetu ulivyokuwa wakati wa sandarusi? Makanda ya utomvu ule wa kale, ulioganda ardhini, yanashushwa kutoka Kiwangwa yamejaa udongo mwekundu, baba yako anayapasua kwa kisu, nasi wanawake tumekaa na vyungu vya maji ya magadi, tunaosha, tunasugua kwa makumbi ya nazi, mpaka lile ganda la mchanga linabanduka na ngozi ya sandarusi inatokea, ina vipele vidogo vidogo kama kuku aliyenyonyolewa. Wewe ulikuwa na mkono mzuri kuliko wote. Sisemi hivyo kwa kuwa wewe ni mwanangu. Haya, nasema kwa sababu hiyo pia. Vipande vyenye wadudu ndani ulikuwa ukivitenga kando, ukaniita nimwone sisimizi aliyenasa humo toka zama za mababu, miguu yake yote ipo, na kila mdudu ukampa jina la mtu wa kwetu. Yule nzi mnene ulimwita Shangazi Zaituni. Nilikukemea mbele ya watu, kisha nikaenda kuchekea jikoni.

Ndipo siku moja kanda likatoa jiwe. Baba yako alilijua kabla hajalitazama. Sandarusi ni nyepesi, tena ukiishika hupata joto la mkono upesi. Kitu hiki kilikuwa kizito na baridi kama samaki. Jiwe jeupe, kubwa kama yai la bata, upande mmoja limeingiwa na wekundu hafifu. Limetiwa ndani ya kanda ili mizani ishuke.

"Mtu huyu ameniuzia mlima!" baba yako akapiga kelele.

Mchimbaji aliyelileta kanda akajikuna shingo. "Bwana, labda limeingia lenyewe."

"Limeingia lenyewe! Lina miguu?"

Nawe huko nyuma ya vyungu ukasema, "Baba, kama lina miguu nipe mimi, nitalichunga."

Ua mzima tulicheka. Mchimbaji ndiye aliyecheka kwa nguvu kuliko sote, maana ulikuwa umemwokoa. Baba yako akakurushia lile jiwe, ukalidaka kwa upindo wa nguo.

Ukaliosha kama unavyoosha sandarusi, ukalianika nazo mkekani. Jua lilipokuwa kichwani ukazoa vyote ndani ya kikapu ukaingia ghalani. Ghala letu unalijua, halina dirisha hata tundu la panya, maana baba yako hataki jua liile mali yake. Mimi nilikuwa nje nasugua, mikono imechubuka kwa magadi, nikasikia unaniita kwa sauti ya chini ambayo sijaisikia tena tangu siku hiyo.

"Mama. Njoo. Fumba macho, nikushike mkono."

Nilikuja nimenuna. Nilidhani umemwaga kitu. Ukaurudisha mlango nyuma yangu, ukanisimamisha, ukaniambia nisiharakishe, macho yaliyotoka juani hayajui kitu. Kisha ukasema, "Fumbua."

Ndani ya kikapu, katikati ya sandarusi zilizozama gizani, jiwe lile lilikuwa linatoa mwanga wake lenyewe. Haukuwa wa moto. Moto hucheza, na huu ulitulia tuli. Ulikuwa wa kijani chepesi, kama nyama ya ndimu. Nikapeleka mkono, nikaona kivuli cha vidole vyangu juu ya sandarusi. Nikaligusa: baridi. Kwa muda wa kusoma Alhamdu taratibu, labda mara mbili, likafifia, likawa kama jivu, likapotea.

"Umelifanya nini?" nikakuuliza.

"Sijalifanya kitu, mama. Limekula jua, sasa linacheua. Kama mbuzi."

Mwanangu, mimi nimezaa, nimezika, nimeona bahari ikiingia sokoni, lakini sijapata kusikia neno lililonikaa kama hilo. Linacheua! Na hukuishia hapo. Ulilipeleka siku ya mawingu, likatoa kidogo tu. Ulilipeleka asubuhi na mapema, kidogo vilevile. Ulilikalisha kando ya mafiga mpaka likawa moto wa kuunguza vidole, ukakimbia nalo ghalani: kimya. "Si joto, mama," ukaniambia, "ni jua lenyewe." Hukufundishwa na mtu. Ulikuwa na jiwe, na jua, na ghala la baba yako.

Nilimwambia nani? Niulize nani sikumwambia. Nilisema kisimani, nilisema msibani, nilisema kwa muuza mchicha. Nilisema binti yangu ana jiwe lenye nuru, tena si mimi niliyeliokota, ni yeye aliyelijua. Mwenye mtoto kama wewe akanyamaza, basi ana ugonjwa wa kinywa.

Halafu ikaja siku ya watu wa Winde, na hapo mwili wote unanichemka hata sasa ninapoandika.

Walileta habari ya posa. Mama wa yule kijana alikuwa anakuja na wanawake wa kwao kukutazama, kula, na kuliona hilo jiwe, maana sifa zake zilikuwa zimewatangulia kwa kinywa changu. Shangazi yako Zaituni akatokea asubuhi amebeba kandili la Unguja, shaba tupu, vioo pande zote nne na juu. Akalitazama jiwe lako mkekani, akalishika kwa ncha za vidole.

"Wifi," akaniambia, "kito hakiwekwi chini na makumbi. Wageni watadhani ni jiwe la kusugulia miguu."

Tukaona amesema kweli. Mimi niliona, nawe uliona, mpaka ukambusu mkono shangazi yako. Fundi akalishika jiwe kwa waya wa shaba katikati ya kandili, na mlango wake akauziba kwa risasi ya kuyeyusha, lisije likaibwa siku ya watu wengi. Wewe ukavisugua vile vioo kwa jivu na ndimu mpaka mtu hakuweza kujua kama vipo. Tukalitundika uani penye jua kali, toka asubuhi. Kila ulipopita ulilitazama, ukacheka peke yako.

Adhuhuri nikawaingiza wageni ghalani. Nilisimama mbele yao kama khatibu. Nikawaambia wafumbe macho, wapumue, wasiharakishe, maneno yako yote niliyasema mimi. Mlango ukafungwa. Ukaingia na kandili. Nikasema, "Sasa fumbueni!"

Giza.

Mama wa Winde akauliza kwa adabu, "Tufumbue lini, bibi?"

"Mmeshafumbua."

"Ala! Nilidhani bado."

Mtu mmoja akaguna. Shangazi yako, ambaye ulimi wake haujapata kulala, akasema, "Labda limelala adhuhuri, mliamshe." Basi vikavunjika vicheko, wanawake wakashikana mabega gizani, na mimi nikasikia kandili linalia mkononi mwako, unalitikisa, unaligeuza. "Linawaka," ulikuwa ukisema. "Wallahi linawaka siku zote." Uliapa, mwanangu, na giza halikukuonea haya.

Wakala, wakashukuru, wakaondoka. Mlangoni nikamsikia yule mama anamwambia mwenziwe, "Binti mzuri, lakini huona visivyoonekana." Posa haikurudi. Mwisho wa wiki ulikuwa na jina la yule mdudu wa kumulika usiku: Kimetameta. Shangazi alilianzisha kwa utani wa nyumbani, nalo likaota meno. Ulikwenda kisimani, "Kimetameta, tumulikie!" Ulikwenda harusini, "Zimeni taa, Kimetameta amefika!" Ulilijaribu jiwe tena na tena, siku ya jua, siku ya jua kali zaidi, ndani ya kandili lilelile, maana ni nani angelikata risasi ya fundi na kulichafua kandili la shangazi? Kila mara giza. Mwisho nikakuona unaniangalia mimi kama vile na mimi nimeanza kutosadiki. Niliacha lini kusadiki? Mimi nililiona! Lakini kila nilipowaambia watu nililiona, walinijibu, "Wewe ni mama yake."

Hilo ndilo lililonikera kuliko yote. Kana kwamba mama hana macho.

Mumeo wa Pangani alipokuja na miwa yake na upole wake, nilifurahi, na nimemshukuru Mungu kwa ajili yake. Lakini siku ya kuondoka ulinipakatisha lile kandili, ukasema bila chozi hata moja, "Mama, nitakanyaga ua huu siku jiwe litakapowaka mbele ya Shangazi Zaituni. Si kabla." Nilidhani ni maneno ya bi harusi. Kumbe ulikuwa umeweka sharti.

Umezaa mara mbili huko. Wajukuu zangu wawili sijawanusa vichwa. Unaniletea sukari guru na salamu, salamu na sukari guru. Sukari yako ni nzuri, nimeigawa mtaa mzima na kusema imetoka kwa nani, lakini mimi sikuomba sukari. Nilitaka kuja mwenyewe. Baba yako akakaza shingo: "Mtoto ndiye hurudi kwa wazazi, wazazi hawaendi kumbembeleza mtoto arudi." Wewe na yeye shingo zenu zimechongwa na fundi mmoja, nami nimekaa katikati yenu na kandili mapajani.

Basi nililitesa jiwe lako. Nililifukiza udi. Nililinyunyizia kandili marashi. Nilimwita mwalimu alisomee, mzee wa watu akalitazama, akatabasamu, akasema, "Mama, hili ni jiwe tu, mwachie Mungu na jua lake," akala ubwabwa akaenda. Nililitundika uani, nikalipandisha juu ya paa la jikoni, nikalishusha. Nililisugua vioo, ee Mungu, vioo vile nimevisugua kuliko nilivyokusugua wewe mgongo utotoni. Nimelibembeleza na kulitukana.

"Mke wangu," baba yako akaniambia siku moja, "jiwe halina masikio."

"Na wewe huna, mbona nasema nawe?"

Sasa sikiliza ya juzi.

Shangazi yako alikuja kutusaidia kuosha. Sandarusi zilikuwa mkekani, kandili limetundikwa kwenye mti wa kuanikia kama siku zote. Yeye akafua shuka lake, zito, halijakamuliwa sawasawa, maana hajapata kukamua nguo sawasawa tangu nimjue, akalitupa kwenye kamba palepale. Kamba ikavuta mti, mti ukainama, kandili likaanguka juu ya kizingiti cha jiwe. Vioo viwili vikawa unga, mlango ukang'oka na risasi yake, na jiwe lako likabiringika mkekani likajichanganya na sandarusi.

Nilipiga kelele mpaka jirani akaja na mwiko.

"Kandili ni langu," shangazi yako akasema, mikono kiunoni. "Nililileta mimi, nimelivunja mimi. Wewe unalia nini?"

"Nalia jiwe la mwanangu!"

"Jiwe lile pale, limevunjika? Jiwe huvunjwa na shuka?"

Tukagombana mpaka tukachoka. Nilimtajia Winde, nilimtajia Kimetameta, akanitajia mambo ya harusi yangu ambayo nilidhani alikwisha kuyasahau. Kisha tukarudi kuosha, kila mtu na chungu chake, tumepeana migongo. Na muda wote huo jiwe lilikuwa chini ya jua, halina kitu juu yake, kwa mara ya kwanza tangu siku ya wageni wale.

Adhuhuri shangazi yako akataka suluhu. Hasemi samahani, unamjua, yeye hubeba kitu kizito. Akazoa mkeka mzima ndani ya kikapu, akakitia kichwani, akaingia ghalani, mlango ukajirudishia nyuma yake. Akakaa humo kidogo, nadhani alikuwa anafuta machozi ambayo hataki niyaone. Halafu nikasikia:

"Wifi! Wifi wee! Kikapu kina jicho!"

Akatoka kama nilivyokwambia, na kiatu kimoja.

Mimi sikuuliza. Niliacha sandarusi majini, nikaingia, nikaurudisha mlango. Na kwa haraka yangu yote, Mwanaheri, nilifumba macho kwanza. Nikasimama, nikapumua, sikuharakisha. Nikanyoosha mkono pembeni bila kufikiri, kama vile kuna mtu wa kuushika. Nikafumbua.

Kijani chepesi. Kimetulia tuli.

Nililia kwa hasira. Sikujua kwamba mtu anaweza kutazama kitu kizuri namna ile na kutaka kukipiga kofi.

Likafifia. Nikalichukua, nikalirudisha juani, mkekani, uchi, nikalikalia mlinzi. Nikalipeleka ghalani: likawaka. Nikaokota kioo kimoja kilichosalia kizima, nikakiinamisha juu yake, nikalianika tena muda uleule, nikalipeleka: giza. Nikaondoa kioo: likawaka. Hapo nikafanya kitu ambacho wewe ungelikifanya. Nililifunika nusu. Kioo juu ya upande mmoja, upande mwingine wazi. Nikamwita baba yako kutoka barazani, nikamwambia aache mizani yake, nikamwingiza ghalani nimemshika mkono, nikamwambia, "Fumba macho, Bwana." Akafumba, yeye asiyekubali kufumba macho hata akikatwa nywele.

Akafumbua. Nusu ya jiwe ilikuwa inawaka na nusu imekufa, na mpaka kati yao umenyooka kama uliokatwa kwa kisu.

Umeelewa, mwanangu? Ni kioo! Macho yetu yaliona mwanga umepita kwenye kioo, mikono yetu ikasikia joto limepita, tukadhani jua lote limepita. Kumbe jua lina kitu cha tatu, hatukioni wala hatukisikii, na hicho ndicho jiwe lako linachokila. Kioo kinakizuia nje kama bawabu. Tulilinyima jiwe chakula, kisha tukawaita watu walione linavyoshiba. Ndiyo haya niliyoyagundua mimi, mama yako, mwenye juzuu moja, na kama kuna mtu Saadani anabisha, mjomba wako yuko hapo, na aje.

Lakini sasa nimkasirikie nani? Hilo ndilo linaloninyima usingizi wa mchana. Shangazi alileta kandili kwa mapenzi. Wewe ulivisugua vioo kwa mapenzi. Mimi nililitundika kwa fahari. Laiti tungekuwa wavivu, laiti jiwe lingelala mkekani na makumbi kama jiwe la kusugulia miguu, lingewaka mbele ya Winde nzima, na leo ungekuwa unakaa mwendo wa asubuhi moja kutoka mlangoni pangu. Tena nikifika hapo nawakumbuka wajukuu zangu wawili wa Pangani, nao wasingekuwepo, na hasira yangu inakosa pa kukaa. Inazunguka ndani kama kuku asiyeona pa kutagia. Ningeliweza kulivunja lile kandili mara ya pili ningelivunja.

Na shangazi yako! Jana tu amekwisha kuanza kusema mtaani kwamba alilivunja makusudi, kwamba siku nyingi alikuwa na wasiwasi na vioo vile. Nimemwacha aseme. Lakini neno moja alilisema mbele yangu, na nakuandikia kama lilivyotoka kinywani mwake: "Wifi, yule mtoto nilimtia jina, na jina nitamvua mwenyewe, mbele ya watu walewale." Kisha akabeba chungu kizito kuliko vyote akakipeleka jikoni, ambako hakuna aliyekihitaji.

Baba yako je? Jiwe lilipozima alibaki amesimama gizani, nikasikia anatafuta kanda la kukalia. Akakaa. "Mtoto aliapa kweli," akasema. Akarudia, "Aliapa kweli, nasi tulikuwa tunakula wali wa wageni." Alipotoka nje akaniambia, "Andika. Usiandike mama yake anamwita. Andika baba yake amesema, tafadhali, aje." Mwanaheri, nimeishi na mtu huyu tangu meno yangu yote yakiwa mahali pake. Neno tafadhali ndiyo kwanza nimelisikia kwake juzi.

Kwa hiyo usinitafutie udhuru. Ulisema utakanyaga ua huu siku jiwe litakapowaka mbele ya Shangazi Zaituni. Limewaka mbele yake, tena akiwa peke yake, hata mimi sikuwepo kumsaidia kuona. Sharti lako limetimia kuliko ulivyoliweka. Kama kuna miwa ya kukatwa, mumeo ana mikono. Kama watoto wana mafua, hewa ya Bagamoyo ni nzuri, ulikulia humu ukawa hivyo ulivyo. Waambie nyanya yao anawangoja ghalani na kitu ambacho watoto wa Pangani hawajakiona.

Wanawake wa mtaa nimewaita wote, wale wa kisimani kwanza. Nimepeleka neno Winde pia. Yule mama bado yu hai, na jibu lake limefika leo asubuhi: anakuja, ila anataka kujua kabla, safari hii afumbue lini. Nimemjibu kwamba atamsikiliza binti yangu. Maana mimi sitasimama tena mbele ya watu kama khatibu. Siku hiyo kikapu utakibeba wewe, mlango utaurudisha wewe, na ni wewe utakayesema fumbeni, ni wewe utakayesema fumbueni. Mimi nitakaa nyuma kabisa, karibu na mlango, nimenyoosha mkono pembeni. Ukipita gizani, ushike.

Mkeka nimeufua. Vioo vilivyobaki nimevizika nyuma ya jiko. Jiwe nimeliweka ndani ya kikapu chako cha zamani, chenye mpini uliofungwa kitambaa, wala silitoi nje mpaka ufike. Lina njaa kama mimi.

Mjomba wako nimemwambia asirudi peke yake.

Ni mimi, mama yako, aliyeliona siku ya kwanza na hakuacha kusema ameliona.

Siku yenyewe ni Alhamisi ya kwanza ya Mfungo Sita, jua likiwa kichwani. Watu wote wameambiwa.